Figo hazikulingana: tusiwahukumu wenzetu kwa kiu yetu

  

Ndugu msomaji, kila mwaka mwezi wa Shaaban unapoingia, maswali ya funga huanza kumiminika misikitini, madrasani na majumbani. Wengi huuliza juu ya nia, juu ya sindano na dawa ya macho, juu ya aliyekula kwa kusahau. Wachache sana huuliza juu ya figo. Ijumaa hii tumeona tukizungumzie kiungo hiki, kwa kuwa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo wa funga bila mwenyewe kujua, na kwa kuwa kutokukijua kumewafanya watu wema wawadhulumu watoto, wazee na wagonjwa wasio na kosa lolote.

Twamkusudia mtoto wa miaka minane anayeamshwa kwa kofi kwa sababu godoro limelowa. Twamkusudia mzee anayetoka katika safu kila baada ya muda mfupi, na vijana wakacheka nyuma yake. Twamkusudia kijana mwenye ugonjwa wa selimundu ambaye, akionekana na chupa ya maji mchana wa Ramadhani, huambiwa kwamba imani yake ni dhaifu. Watatu hawa hawajuani, umri wao haulingani, na kila mmoja ana kisa chake. Lakini mara nyingi jambo linalowakuta ni moja: figo zao hazina uwezo wa kubana maji kama zinavyobana figo za yule anayewalaumu.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi tuianze kazi yenyewe. Mwanadamu ana figo mbili, kila moja kiasi cha ngumi yake, zimekaa mgongoni nyuma ya matumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Zote mbili kwa pamoja hazifiki uzito wa nusu kilo, lakini takriban sehemu moja kwa tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita humo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, kiasi cha milioni moja, ambavyo wataalamu huviita nefroni. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja kutoka katika damu maji ya kiasi cha lita 180. Mwenye kuteka maji kisimani ataelewa haraka: hizo ni ndoo tisa za lita 20. Na mkojo wa mtu mzima kwa siku ni lita moja hadi mbili tu. Maji mengine yote, kiasi cha asilimia 99 ya yaliyochujwa, hurudishwa katika damu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kutoa ndoo tisa na kurudisha karibu zote? Si usumbufu huo? Tazama anavyofanya mama mwenye kusafisha nyumba kwa dhati kabla ya sikukuu. Hamtafuti mdudu mmoja mmoja chini ya kitanda. Hutoa vyombo vyote uani, kisha hurudisha ndani vile anavyovijua na kuvihitaji, na kisichojulikana hubaki nje. Figo hufanya vivyo hivyo. Haina haja ya kuzitambua sumu zote za dunia. Inatosha kutoa maji na vilivyoyeyuka ndani yake, kisha kurudisha sukari, chumvi na maji kwa kadiri ya haja. Kinachoachwa ndicho kinachotoka.

Sehemu kubwa ya maji hayo, kiasi cha theluthi mbili, hurudishwa mwanzoni kabisa mwa mrija wa nefroni, na jambo hilo hufanyika usiku na mchana, uwe umekunywa au hukunywa. Ujanja mkubwa uko mbele zaidi, katika kile kinachobaki, kwani hapo ndipo figo huamua kama mkojo utakuwa mwingi na mwepesi au mchache na mzito.

Mwaka 1862 mtaalamu wa Kijerumani, Jakob Henle, alieleza kwamba mirija hii haiendi moja kwa moja. Hushuka kuelekea ndani ya figo, hugeuka kama pini ya nywele, kisha hupanda kurudi ilikotoka. Kitanzi hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo, lakini yeye hakujua faida yake, wala hawakuijua waliomfuata kwa muda mrefu. Mwaka 1942 mwanakemia wa Uswisi, Werner Kuhn, alitoa hoja kwamba mirija miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, majimaji yakienda huku katika mmoja na kurudi kule katika wa pili, inaweza kulimbikiza ukolevu mkubwa kwa nguvu ndogo. Mwaka 1951 yeye na wenzake, Hargitay na Wirz, walipima vipande vyembamba vya figo na kukuta kweli kwamba kadiri unavyoingia ndani ya figo ndivyo chumvi inavyozidi.

Mwenye kutengeneza kachumbari anaijua siri hii, hata kama hajasoma vitabu hivyo. Ukikata vitunguu ukavinyunyizia chumvi, baada ya muda mfupi bakuli huwa na maji. Muuza papa ng'onda naye anaijua: samaki akipakwa chumvi hutokwa na maji mpaka akakauka. Chumvi huvuta maji. Basi kitanzi cha Henle kazi yake ni kutia chumvi katika sehemu ya ndani ya figo. Upande unaopanda husukuma chumvi nje bila kuruhusu maji yaifuate. Upande unaoshuka huruhusu maji yatoke. Na kwa kuwa mirija hiyo imelala pamoja, chumvi hulimbikizana kidogo kidogo mpaka kule chini kukawa na ukolevu unaozidi ule wa damu mara nne. Taka iitwayo yurea, inayotokana na chakula cha nyama, samaki, kunde na mfano wake, nayo husaidia kuongeza ukolevu huo. Tumezoea kuita taka kila kinachotoka mwilini, na hapa taka yenyewe inatumika kuokoa maji.

Kisha mkojo, kabla haujaelekea kibofuni, hupitishwa katika mirija ya mwisho inayoshuka katikati ya eneo hilo lenye chumvi. Hapo pana milango. Ikifunguliwa, maji huvutwa nje ya mirija, huchukuliwa na mishipa ya damu na kurudi mwilini, na mkojo hubaki mchache na mzito. Ikifungwa, maji hayapati pa kutokea, nayo huenda zake kibofuni. Vijitundu vya maji katika ngozi za chembe hai vilitambuliwa na Mmarekani Peter Agre mwanzoni mwa miaka ya 1990, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003 pamoja na mwenzake Roderick MacKinnon.

Mwenye kutoa amri ya kufungua ni ubongo. Ndani yake mna mahali panapopima wakati wote ukolevu wa damu, na mabadiliko ya asilimia moja au mbili tu yanatosha kupashtua. Damu ikikolea, homoni iitwayo vasopresini humwagwa kutoka katika tezi iliyo chini ya ubongo, husafiri na damu mpaka kwenye figo, na milango hufunguka. Ukolevu ukizidi kidogo, ndipo mtu huhisi kiu. Zingatia mpangilio huu: figo huwa zimekwisha kuanza kubana maji kabla mwenyewe hajatambua kwamba ana kiu. (Kileo, kwa kulitaja tu, huizuia homoni hii isitoke, ndiyo sababu mojawapo ya mlevi kwenda haja mara kwa mara na kuamka asubuhi koo limemkauka.)

Sasa mtazame mfungaji mwenye afya. Katika nchi zetu hizi zilizo karibu na Ikweta, tangu alfajiri mpaka magharibi ni kiasi cha saa 13 na kitu mwaka mzima. Asubuhi mkojo wake bado ni mwepesi kwa maji ya daku. Kufika adhuhuri homoni imepanda, na mkojo umepungua na kukolea rangi. Alasiri unakuwa mchache na mzito zaidi. Jua likizama, akanywa, katika muda wa saa moja au mbili milango huanza kufungwa na mkojo hurudia wepesi wake. Figo nzima huyafanya haya siku 29 au 30 bila kudhurika. Ndugu zetu walioko Uingereza, Ramadhani ilipoangukia Juni mwaka 2015, walifunga saa 18 na zaidi, na wenye afya miongoni mwao walimaliza mwezi salama.

Hata asiyefunga hupitia jambo hili kila usiku, kwa kuwa hulala saa nyingi bila kunywa. Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzito kuliko wote. Waganga wa kale waliufahamu umuhimu wake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameweka katika kitabu chake cha Al-Qanun mlango mrefu juu ya mkojo, rangi yake, uzito wake na mashapo yake, na ametaka utazamwe mkojo wa asubuhi, kabla mgonjwa hajala wala kunywa. Hospitali za leo nazo kwa vipimo kadhaa bado humwambia mgonjwa alete mkojo wa asubuhi.

Pamoja na uhodari wote huo, figo ina ukomo, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Madaktari hupima ukolevu kwa kipimo kiitwacho miliosmoli. Damu yetu ina kiasi cha 290 kwa kilo moja ya maji. Figo nzima ya mtu mzima, ikijitahidi mwisho wa uwezo wake, huweza kutoa mkojo wa 1,200 hivi, au zaidi kidogo. Na mwili kila siku huzalisha taka na chumvi za kiasi cha 600 ambazo lazima zitoke, mtu anywe asinywe. Hesabu ni nyepesi: 600 kwa 1,200 ni nusu lita. Hiyo nusu lita ya maji ndiyo kodi ya kila siku, na hakuna swala wala subira inayoiondoa. Wavuvi wetu waliopata kupotea baharini wanaijua hesabu hii kwa upande wake mchungu. Lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na ili kuitoa chumvi hiyo figo hulazimika kutumia maji mengi kuliko yaliyonywewa. Anayekunywa bahari hufa kwa kiu haraka zaidi kuliko aliyejizuia.

Viumbe wengine wamepewa kipimo kingine. Ngamia, ambaye watu humdhania kuwa ameweka maji katika nundu (nundu ni mafuta matupu), hukoleza mkojo wake zaidi ya mara mbili ya tuwezavyo sisi, na hawezi kulaumiwa kwa kulinganishwa na ng'ombe. Digidigi wa nyika zetu kavu hukaa muda mrefu bila kwenda mtoni, akitosheka na unyevu wa majani na umande, na figo zake huukoleza mkojo kuliko za ngamia. Panya wa majangwani wamewashinda wote. Vitanzi vyao vya Henle huzama ndani mno mwa figo. Vya kwetu, ni vichache tu, kiasi cha 15 katika kila 100, vinavyofika ndani kabisa. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia ng'ombe ajifunze uvumilivu kwa ngamia. Mbona twamwambia mgonjwa ajifunze kwa mzima?

Tumchukue mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo hatuzungumzii jambo la mbali. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu zinapokosa hewa ya oksijeni na zinapokuwa mahali penye ukolevu mkubwa. Na mahali gani katika mwili pana ukolevu mkubwa na oksijeni haba kuliko ndani ya figo? Chembe hizo hujikunja humo humo, huziba mishipa midogo inayozunguka vitanzi, na tangu utotoni eneo lile la chumvi huanza kuharibika. Mtoto akiwa mdogo bado, akiongezewa damu uwezo huo huweza kurejea kwa muda. Akishakuwa mkubwa haurejei. Mkojo wake huishia ukolevu wa 400 hivi. Irudieni ile hesabu: 600 kwa 400 ni lita moja na nusu. Kodi ambayo wewe unailipa kwa nusu lita, yeye anailipa mara tatu, na mwili wake hauna njia ya kuomba punguzo. Maji yakimpungukia, damu huzidi kuwa nzito, chembe huzidi kujikunja, na yale maumivu makali ya mifupa na kifua humshika. Ile chupa ya maji mkononi mwake ni dawa, kama vile sindano ilivyo dawa kwa mwenye kisukari.

Mwenye ugonjwa sugu wa figo, uwe umetokana na shinikizo la damu, kisukari au jambo jingine, hali yake yakaribiana na hiyo. Uwezo wa kukoleza mkojo ni miongoni mwa vitu vinavyopotea mapema, mara nyingi kabla ya miguu kuvimba na kabla ya mtu kujiona mgonjwa. Dalili yake ni ndogo kiasi cha kudharauliwa: aliyekuwa akilala usiku kucha sasa huamka mara mbili au tatu kwenda haja, na mkojo wa asubuhi ni mweupe kama wa mchana. Ugonjwa ukizidi, mkojo hubaki na ukolevu ule ule wa damu, anywe sana au asinywe. Na kwa ukolevu wa 300 kodi ya siku ni lita mbili. Si kila anayeamka usiku ana ugonjwa wa figo. Tezi dume kwa wanaume, sukari kwenye damu, dawa za presha na chai ya jioni vyote huamsha. Lakini anayeamka usiku anastahili kupimwa, na kucheka si kipimo.

Wazee nao, hata wasio wagonjwa, hupungukiwa na uwezo huu kadiri miaka inavyokwenda, na hisia ya kiu nayo hufifia. Mzee aweza kukaukiwa na maji na asidai hata kikombe kimoja. Huongeza tatizo pale anapoona haya ya kutoka msikitini mara kwa mara, au ya kumsumbua mjukuu usiku ampeleke chooni, akaamua kuacha kunywa tangu alasiri. Tunawajua wengi wanaofanya hivyo, na kina mama wanaosafiri kwa mabasi ya mikoani nao hufanya vivyo hivyo kwa kuhofia kwamba basi halitasimama penye choo. Kwa upande wa watoto wachanga, figo zao huukoleza mkojo kiasi cha nusu ya mtu mzima, ndiyo sababu mojawapo ya kuharisha kuwaua upesi, na ndiyo maana maji ya chumvi na sukari ya hospitali hayataki kusubiri kesho.

Turudi kwa yule mtoto wa godoro. Mtu mwenye afya, homoni ya kubana maji humzidi usiku, ili alale bila kusumbuliwa. Kwa watoto wengi kupanda huko huchelewa kuja. Wengine kibofu chao ni kidogo au usingizi wao ni mzito mno, na mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo, ingawa siku hizi hapendi kulitaja. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto 100 wa miaka mitano, kiasi cha 15 bado hukojoa kitandani, na wengi huacha wenyewe wakikua. Mtoto mwenye selimundu hukojoa zaidi na kwa miaka mingi zaidi, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Nasi tumewafanyia nini watoto hawa? Tumewachapa. Tumewabebesha mikeka na kuwazungusha mtaani huku wenzao wakiwaimbia. Wapo waliofungwa chura kiunoni, na chura naye hajulikani alikosa nini. Baya kuliko yote, wapo wanaonyimwa maji tangu magharibi ili godoro lisilowe. Kwa mtoto mzima hiyo ni adha tu. Kwa mwenye selimundu, ambaye mkojo wake utatoka hata asiponywa, ni kumwita maradhi usiku kwa mkono wa mzazi wake. Tunasema wazi kwamba kumpiga mtoto kwa jambo linalotendwa na figo zake akiwa usingizini ni dhuluma, na aliyelala hata kalamu haimwandikii dhambi. Na mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha kisha ghafla akaanza tena apelekwe hospitali akapimwe sukari na mkojo.

Katika suala la funga sisi si mamufti, wala hatutaki kuchukua nafasi yao. Lakini ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, na hapana mwanachuoni aliyepata kuikataa. Mwenye maradhi yanayotarajiwa kupona hulipa siku nyingine. Asiye na tumaini la kupona, kama alivyo mgonjwa wa figo zilizokwisha, kauli ya wengi ni kwamba hulisha maskini kwa kila siku. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani, walitoa mwongozo, ukahuishwa mwaka 2021, ambao unawaweka wagonjwa wa kisukari wenye figo zilizoharibika vibaya, na wale wanaosafishwa damu kwa mashine, katika kundi la hatari kubwa wasilopaswa kufunga. Mwongozo huo haukuandikwa na watu wa kuichukia dini, wanavyuoni walishirikishwa.

Tatizo letu ni macho ya watu. Mgonjwa hufunga kwa kuogopa jirani kuliko anavyofunga kwa kumcha Mola wake, naye jirani akishamwona hospitalini husema alikuwa mcha Mungu sana. Tungependa maimamu wetu, katika hotuba za Shaaban, waitaje ruhusa hii kwa sauti ile ile wanayoitajia faradhi, na wawataje wenye selimundu na wenye figo kwa majina ya maradhi yao, maana mtu akisikia neno mgonjwa peke yake hudhani kwamba ni yule tu asiyeweza kuinuka kitandani.

Kwa wenye afya nao tuna neno. Wapo wanaokunywa lita mbili kwa pupa dakika kumi kabla ya adhana ya alfajiri, wakidhani wanajaza tangi. Mwili hauna tangi. Maji mengi yakiingia kwa mara moja damu huwa nyepesi, homoni hushuka, milango hufungwa, na kabla ya saa tatu asubuhi sehemu kubwa imekwisha kutoka. Afadhali maji hayo yagawanywe tangu futari mpaka daku, kidogo kidogo, pamoja na chakula. Uji, matunda na mchuzi navyo ni maji. Daku ya ng'onda na vyakula vyenye chumvi nyingi huleta kiu ya adhuhuri. Na wale wenye kazi za kubeba mizigo, kulima na kujenga juani, jasho lao huweza kufika lita nzima kwa saa, kiasi ambacho figo haziwezi kukifidia kwa kubana. Kazi nzito zikihamishiwa asubuhi mapema, itakuwa wamejisaidia.

Mwenye presha, kisukari, selimundu, au aliyewahi kuambiwa kwamba figo zake zina kasoro, na amwone daktari mwezi wa Rajab au Shaaban, asingoje kuandama kwa mwezi. Kipimo cha kreatinini katika damu na cha protini katika mkojo hufanyika katika hospitali nyingi za wilaya. Amuulize daktari kama anaweza kufunga, na kama anaweza, saa za dawa zitabadilishwa vipi. Dawa za kuongeza mkojo hasa zisihamishwe kwa kukisia. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo hununuliwa madukani bila cheti na kumezwa kwa maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo za mfungo, hupunguza damu inayoingia katika figo, na madhara yake huzidi mwili unapokuwa umepungukiwa na maji. Mwenye kuvihitaji avinywe kwa ushauri wa daktari, na baada ya kunywa maji ya kutosha.